Mafunzo ya Mbio Hupimwa kwa Mapumziko

Nimechoka kusikia mafunzo ya mbio yakisifiwa kwa sababu watu walitapika. Majuzi yamefanyika mengine hapa Arusha, Jumamosi na Jumapili, ya wakimbiaji wa ridhaa: wahasibu, walimu, wauguzi, wenye maduka, watu wenye shughuli zao wanaotaka kumaliza nusu marathoni ya Moshi bila kutembea. Picha zilisambaa kabla jasho halijakauka. Mmoja kalala chali kwenye nyasi, mwingine kainama kashika magoti, wa tatu kashikwa kwapani na wenzake wawili. Chini ya picha hizo sifa zikamiminika: kocha ni chuma, kazi imepigwa, maumivu ndiyo shule. Jumapili asubuhi wengi wao hawakuonekana uwanjani, na hilo hakuna aliyelipiga picha.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanunuzi wa siku hizi wamesahau nusu ya pili. Mtu analipa ada, anapoteza mapumziko ya wikiendi, anarudi nyumbani kano ya kisigino inamwaka, halafu anamshukuru aliyemuumiza, kwa sababu hana kipimo kingine cha kazi nzuri isipokuwa uchovu. Uchovu si kipimo. Yeyote mwenye filimbi anaweza kuwachosha watu thelathini kwa nusu saa. Kuwafanya watu hao hao wakimbie vizuri zaidi Jumapili kuliko walivyokimbia Jumamosi ni ufundi, na ufundi huo una alama zake. Naziandika hapa ili anayelipa ajue analipia nini.

Mambo ya awali nitayapita haraka, maana hata mgeni anaweza kuyaona akielekezwa mara moja. Mafunzo mazuri huanza kabla ya Jumamosi. Mwalimu anataka kujua umri wako, umewahi kuumia wapi na lini, wiki iliyopita ulikimbia kilomita ngapi, na unatoka wapi. Swali la mwisho watu hulidharau. Anayetoka Dar es Salaam amezoea hewa ya usawa wa bahari. Arusha iko mita 1,400 hivi juu yake, na Ngaramtoni, tunakofanyia mazoezi, ni juu zaidi. Mwendo ambao kwake ni wa kawaida pale Coco Beach, huku unamkata pumzi. Mwalimu asiyeuliza hilo atampanga na mwenyeji wa Sakina hapa Arusha, na ikifika saa mbili asubuhi mgeni huyo atakuwa ameshamaliza nguvu zake za siku mbili.

Mwalimu mzuri anakuambia uje na raba zako kuukuu, si mpya. Akizipokea anazigeuza kwanza aone soli imelika wapi, kisha ndipo akutazame usoni. Mwalimu mmoja asimamie watu wasiozidi kumi na wawili. Akisema anaweza zaidi, wengine hawaoni. Ardhi iwe nyasi au udongo, lami mtaikuta siku ya mashindano. Kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi, si saa mbili wakati jua limeshashika. Kusiwe na spika ya muziki, kwa sababu mwalimu anafanya kazi kwa masikio na muziki unamziba. Mwalimu asivae miwani ya jua. Mkimbiaji anatakiwa ajue anatazamwa. Fulana zigawiwe mwisho. Zikigawiwa mwanzo, ujue fedha imeishia kwenye fulana. ABC, yale mazoezi ya kuinua magoti na visigino, zianze kwa kutembea, na diagonali, mbio za kukata uwanja kona kwa kona, zisizidi sita. Haya sina haja ya kuyatetea. Aliyelelewa uwanjani anayajua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, lile ambalo mgeni hulikosa kila mara kwa sababu liko mahali anapodhani hakuna kinachotokea. Liko katikati ya raundi na raundi.

Mweke mtu jukwaani aangalie kundi linalopiga mita 400 mara sita. Macho yake yatawafuata wakiwa wanakimbia. Wakisimama, atainamia simu. Anayeijua kazi hufanya kinyume. Wakikimbia, anawatupia jicho tu, maana mbio zenyewe zinaonekana na kila mtu. Wakisimama, ndipo anapotulia na kuangalia, kwa sababu hapo ndipo mwalimu anajulikana ni nani. Donge la chapati lisipopumzishwa halisukumiki, hata ukilikandamiza kwa nguvu zako zote. Mwili wa mkimbiaji ni vivyo hivyo: raundi inaufungua, mapumziko ndiyo yanayoufanya ukubali raundi inayofuata.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa askari mstaafu. Shingoni alining'iniza saa ya kupimia kwa kamba ya kiatu, na mfukoni alikuwa na daftari la shule lililojaa maandishi ya kalamu ya risasi. Kundi lake la Jumamosi lilikuwa la watu wazima: mama mwenye duka la vitambaa, fundi umeme, mwalimu wa sekondari, kijana wa benki. Wakimaliza raundi hakuwaacha wakae chini, wala hakuwapigia kelele. Alitembea nao taratibu kurudi mstarini, na njiani alipiga soga. Kwa mgeni, ilionekana mzee anapenda maneno.

“Mama, jana umepika nini?”

“Makande, mwalimu.”

Anaacha hatua kadhaa zipite. “Ya maharage gani?”

“Ya soya… soya… njano.”

“Bado. Tembea kidogo, mama.”

Anahamia kwa kijana wa benki, anamuuliza habari za foleni ya mwisho wa mwezi, kijana anamwaga maelezo marefu bila kukatika, na mzee anamwachia aende. Baada ya muda anamrudia mama.

“Na mahindi, uliyakoboa mwenyewe?”

“Hapana mwalimu, niliyanunua soko la Kilombero yakiwa yameshakobolewa, siku hizi nani ana muda wa kutwanga.”

“Haya, mama. Nenda.”

Mzee hakuwa na shida na makande. Alikuwa anasubiri sentensi nzima iliyotoka kwa pumzi moja. Neno moja moja lilimwambia mwili bado uko kwenye raundi iliyopita. Sentensi ndefu ilimwambia moyo umerudi chini na mapafu yako tayari. Watu wanne walipewa mapumziko manne tofauti, kila mmoja kwa kiasi chake, na hakuna aliyejua kwamba anapimwa. Hilo la kutokujua ni muhimu. Mtu mzima akijua anapimwa hujikaza, hasa akiwa na jirani yake, na atakudanganya kwamba yuko tayari. Ukimuuliza “Umepumzika?” atasema ndiyo. Ukimuuliza kuhusu makande, pumzi yake inasema kweli.

Hili halikuwa la mzee peke yake. Kocha Mjerumani Woldemar Gerschler, akishirikiana na daktari wa moyo Herbert Reindell, alijenga mazoezi ya intavali juu ya mapigo ya moyo. Mkimbiaji alikimbia mpaka mapigo yakafika kama 180 kwa dakika, kisha akasubiri yashuke hadi 120 au zaidi kidogo. Yasiposhuka ndani ya sekunde 90, jibu lilikuwa wazi: raundi ilikuwa kali mno, au kazi ya siku hiyo imekwisha. Waliamini kwamba moyo hujengwa zaidi ndani ya mapumziko yenyewe. Kijana wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:46.6 jijini Milan tarehe 15 Julai 1939, na rekodi hiyo ilidumu miaka 16. Namba zao zilikuwa za vijana wa mashindano. Mama wa miaka 50 asisukumwe afike 180. Lakini kanuni inabaki pale pale. Mwili wa mkimbiaji ndio unaoamua raundi inayofuata ianze lini, na kazi ya mwalimu ni kuusoma.

Arthur Lydiard wa New Zealand alileta kipimo kinachomfaa zaidi mtu wa ridhaa. Vijana wake wawili, Peter Snell na Murray Halberg, walichukua dhahabu siku moja kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema alikuwa mwalimu wa wavivu. Baada ya hapo aliwahimiza watu wazima wa Auckland wenye vitambi, baadhi yao wagonjwa wa moyo, waanze kukimbia, na kanuni aliyowapa ni kwamba wakimbie kwa mwendo unaowaruhusu kuzungumza. Bill Bowerman, kocha mashuhuri wa Oregon, alipomtembelea mapema miaka ya 1960 alijiunga na mbio zao akijiona yuko fiti. Akaachwa. Mzee aliyevuka miaka 70 akapunguza mwendo ili amsindikize, huku akimpigia hadithi njia nzima. Bowerman alirudi kwao na funzo hilo, na mwaka 1967 akalitolea kitabu kilichowaingiza Wamarekani wengi barabarani. Mbio hizi za watu wa kawaida, ambazo leo zinajaza barabara zetu kila Jumamosi, zilianza na mtu anayeongea akikimbia.

Na sisi wa Afrika Mashariki hatuna kisingizio, maana mabwana wa jambo hili tunaishi nao. Eliud Kipchoge, aliyekimbia Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, amelelewa na Patrick Sang kule Kaptagat. Wengi wanaofika pale hushangazwa na mbio zao nyepesi: zinaanza kwa mwendo ambao mgeni yeyote mwenye afya angeweza kuufuata. Bruda Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya St. Patrick's, bila usomi wowote wa ukocha. Alijifunza kwa kuangalia. Kijana wake David Rudisha alikimbia mita 800 London mwaka 2012 kwa 1:40.91, na hadi leo hakuna aliyemfikia. Mwalimu aliyeanza kwa kuangalia watu miaka na miaka anaona vitu ambavyo mwalimu aliyeanza kwa kupiga filimbi hataviona kamwe wala kuvisikia.

Basi ukiwa kwenye mafunzo ya wikiendi, uangalie nini katika dakika hizo mbili tatu? Kwanza, macho ya mwalimu. Yakiwa kwenye saa muda wote, anafundisha saa. Anatakiwa aitazame mara moja, aandike, kisha awatazame watu: mabega, rangi ya midomo, miguu inavyokanyaga wanapotembea. Pili, mikono. Mtu mmoja kushika magoti baada ya raundi ya tano ni jambo lake binafsi. Watu wanne kushika magoti baada ya raundi ya pili ni kosa la mwalimu, na mwalimu anayestahili jina hilo anapunguza mwendo papo hapo bila kuona aibu ya kubadilisha alichokiandika ubaoni. Tatu, je, kuna anayeruhusiwa kusubiri zaidi? Mapumziko ya dakika moja kwa wote, kijana wa miaka 24 na baba wa miaka 55, mwenyeji wa mlimani na mgeni wa pwani, ni uthibitisho kwamba mwalimu amekariri karatasi ya mtu mwingine.

Nne, linganisha raundi ya kwanza na ya mwisho. Hapa nitatoa hesabu. Mtu anayekimbia kilomita 5 kwa dakika 30 anatumia dakika 6 kwa kilomita, yaani dakika 2 na sekunde 24 kwa kila mzunguko wa mita 400. Akipiga raundi sita, zote ziwe jirani na 2:24, na ya mwisho isipishane na ya kwanza kwa zaidi ya sekunde tatu. Hiyo ndiyo sheria. Ukiona amefungua kwa 1:55 watu wakampigia makofi, akafunga kwa 2:50 akiburuza miguu, hakujifunza kasi wala uvumilivu. Alijifunza kukimbia vibaya. Nyonga zilizama, hatua zikarefuka mbele ya goti, mabega yakapanda masikioni, na mwili ukarudia hayo mpaka ukayashika.

Ubaya wake hauishii kwenye umbo. Moyo na pumzi ya mtu mzima huitikia mazoezi ndani ya wiki chache. Kano na mifupa huchukua miezi. Ndiyo maana anayeanza huumia pale anapojisikia vizuri: pumzi inamruhusu aende, kisigino na ugoko havijawa tayari. Mapumziko yaliyolindwa ndiyo uzio pekee kati ya hizo kasi mbili za mwili. Mwalimu anayeyafupisha ili kundi lionekane kali anauvunja uzio huo, na gharama inalipwa Jumatano na mtu anayechechemea kwenda kituo cha daladala.

Tano, na hii ndiyo alama ya juu kabisa: tazama kama kuna mtu anayesimamishwa. Kundi la watu kumi na wawili likimaliza raundi sita wote bila hata mmoja kuambiwa “Dada, kwako wewe imetosha,” mwalimu huyo hakuangalia. Lazima awepo mmoja ambaye siku hiyo hakulala, au ana kidonda cha zamani kinachoanza kumwita, au alikuja na homa akaificha. Yule mzee alikuwa akimsimamisha mtu raundi ya nne kwa sauti ile ile aliyoulizia makande, anampa daftari aandike muda wa wenzake, na mtu huyo anabaki ndani ya kazi. Hakuna aliyejiona ameshindwa. Nikiona hilo kwenye mafunzo, sihitaji kuona kingine.

Matapeli nao nawajua. Hodari kuliko wote niliyewahi kumwona hakuuza dawa wala unga wa nguvu. Aliuza furaha. Kila mafunzo yake yalimalizika Jumapili kwa mtihani wa kilomita 5, na karibu kila mtu alivunja rekodi yake. Watu walikumbatiana, wakalia, wakajiandikisha tena. Nilikwenda baadaye kuipima njia hiyo kwa gurudumu. Ilikuwa pungufu kwa karibu mita 300, na sehemu kubwa ilikuwa mteremko. Piga hesabu: kwa mtu wa dakika 6 kwa kilomita, mita 300 ni dakika 1 na sekunde 48. Mtu wa dakika 30 anaambiwa amekimbia 28:12, kwa mafunzo ya siku mbili. Hakuna mwalimu duniani anayefanya hivyo, na aliyeumizwa zaidi ni mkimbiaji, kwa sababu anakwenda Moshi akiamini kasi ambayo hana, anaondoka nayo mstarini, na ikifika kilomita ya kumi na tano anatembea.

Wapimaji waaminifu hukosea upande wa pili. Njia rasmi za mashindano ya barabarani hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu, na huongezwa sehemu moja katika elfu ili zisije zikawa fupi. Kwenye marathoni hiyo ni kama mita 42. Mwalimu mwaminifu ana tabia hiyo hiyo. Akitaka kukupima kilomita 5, atakupeleka uwanjani ukazunguke mara kumi na mbili na nusu kwenye njia ya ndani, ambapo hakuna mteremko wala kona ya kukata. Ukisikia mtihani unafanyika “barabara ya huku nyuma, tumeshaipima kwa simu,” kimbia kwa mazoezi tu na usiandike muda wako.

Tapeli wa aina ya pili anakimbia mbele. Ni kijana mwepesi, ana jezi nzuri, na kila raundi yuko na watatu wenye kasi, kamera ikimfuata. Walio nyuma hawamwoni isipokuwa mgongo. Kundi hufundishwa kutoka mkiani. Aliye wa mwisho ndiye anayeeleza kama mwendo ni sahihi, kama maelekezo yameeleweka, kama maji yamefika. Mwalimu anayetaka kukimbia akashindane. Wakimbiaji hawakulipa ili wamtazame yeye.

Wa tatu ananiudhi kuliko wote, kwa sababu anatumia jina la mtu ninayemheshimu. Ni yule ambaye mwanafunzi akianza kuchechemea, anamtajia John Stephen Akhwari. Kila Mtanzania anaijua habari hiyo: Mexico City, Oktoba 1968, Akhwari anaanguka kwenye marathoni, goti linaumia, anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde, mguu umefungwa bendeji, na anamaliza. Nchi ilimtuma, na siku ilikuwa moja. Alistahili kumaliza. Lakini Jumamosi ya Ngaramtoni si Mexico. Hakuna bendera, hakuna mstari wa mwisho ambao hautarudi tena. Jumamosi nyingine ipo wiki ijayo. Kumtumia Akhwari kumlazimisha muuguzi mwenye goti bovu apige raundi ya sita ni kumdhalilisha Akhwari mwenyewe.

Filbert Bayi naye huchezewa hivyo hivyo. Tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch aliongoza fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mwanzo mpaka mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.2, na tangu hapo kila kocha wa kelele anawaambia wanafunzi watoke mbio “kama Bayi.” Bayi alitoka hivyo siku ya mashindano, akiwa na mazoezi ya miaka mgongoni mwake. Watu wanaiga dakika tatu na nusu zilizoonekana na kuiacha miaka ambayo haikuonekana. Nikitaka mfano wa mtu wa ridhaa kuuiga, namchukua Alphonce Simbu. Tokyo, Septemba 2025, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia, alikaa ndani ya kundi kwenye joto, akajihifadhi, hakuonyesha chochote mpaka uwanjani, akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde na kuiletea Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo. Kujihifadhi kwa muda wote huo ni ujuzi, na unafundishwa katika mapumziko.

Jumapili ndiyo inayotoa hukumu. Hesabu vichwa. Waliokuja Jumamosi wote warudi, labda akosekane mmoja mwenye msiba au mgonjwa. Kisha watazame wanavyoshuka kwenye gari: anayeshuka kinyumenyume kwa sababu mapaja yamekaza alifundishwa vibaya jana. Mbio ndefu ya Jumapili iende kwa mwendo wa aliye nyuma, kwenye udongo, na kundi lisikike likiongea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kimya kikiingia, mwalimu apunguze. Wakirudi kuwe na uji au chai nzito, viazi, ndizi, mayai, chakula cha kukaa chini na kula. Kila mtu aondoke na karatasi yenye jina lake na mpango wa wiki nne, na kwenye mpango huo siku za kupumzika ziandikwe kwanza. Karatasi moja iliyotolewa nakala kwa wote ni sawa na kutopewa.

Zamani haya hayakuhitaji kuandikwa. Sisi tuliokulia kwenye mashindano ya shule, kwenye viwanja vya nyasi vilivyochorwa mistari kwa chokaa asubuhi hiyo hiyo, tulijua kuweka vidole viwili shingoni, kuhesabu kwa sekunde kumi na kuzidisha kwa sita. Ukipata ishirini ni 120, uko tayari. Mtoto wa darasa la sita aliweza. Leo mtu ana saa ya mkononi yenye rangi zote, inachelewa kuonyesha mapigo yalivyopanda na kushuka, na anaiamini kuliko shingo yake. Zamani mwalimu alikuwa na daftari, na ndani ya daftari kulikuwa na wewe: ulivyokimbia Machi, ulivyougua malaria Aprili, ulivyorudi Juni. Walimu wale hawakuwa na vipeperushi. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa 2:08:01, alitoka kwenye malezi ya namna hiyo, ya jeshi na ya subira, na hakuna aliyemwuliza kocha wake ana wafuasi wangapi.

Walimu wa aina hiyo bado wapo. Wako Arusha, wako Mbulu, wako Singida, wengine wanafundisha kwa nauli tu, na mafunzo yao hayajazi watu kwa sababu hakuna anayetoka amebebwa. Hao ndio nataka wapate fedha yako. Kwa hiyo kabla hujalipa mahali popote, mpigie mwalimu simu umuulize jambo moja: kati ya raundi na raundi tutapumzika muda gani? Akikujibu hapo hapo kwa dakika, tafuta mwingine. Akikuuliza kwanza una miaka mingapi, unatoka wapi, unalala saa ngapi na mguu gani unakusumbua, lipa, nenda, na akianza kukuuliza jana umepika nini, mjibu kwa sentensi nzima.